Kisima cha Nyuma ya Zizi

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Natumaini nawe hujambo, na magoti ya Mama yametulia. Huko kilimani simu haishiki, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la maziwa.

Pale yadi tunapouza magari, siku hizi kila mteja anataka haibridi, yale yanayosaidiwa na betri ili yasinywe petroli nyingi. Betri ikifa, mteja anakuja na uso wa msiba, maana bei yake inauma. Nikaona kumbe utajiri hauko kwenye gari, uko kwenye lile jiwe la betri, lithiamu. Bosi wangu na wenzake wana kampuni inayolitafuta. Nimenunua hisa kwa akiba yangu yote, na nyingine kwa mkopo. Mahali penyewe ni siri mpaka ardhi inunuliwe, lakini wanasema mawe yapo. Usinune, Dada. Safari hii nami nitajenga.

Ndugu yako

26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mama hajambo, magoti ndiyo yale yale. Hongera, Bwana Hisa, ila mtu akiniuzia kitu asichotaka nikione, mimi kwanza nashika pochi yangu.

Huku tumepata wageni. Walikuja na mtambo, wakamwambia Mama wanachimbia watu visima bure. Alifurahi, akawapa nafasi nyuma ya zizi. Maji yalitoka, mdogo wangu, nimenawa uso kwa mikono hii. Kesho yake wakayaziba kwa saruji. Ila yale mawe marefu kama michi waliyoyatoa chini, waliyapanga ndani ya masanduku taratibu, kama mayai. Tangu lini mchimba kisima akaacha maji akabeba mawe? Nilimwuliza mkubwa wao, akacheka, akasema ndio utaratibu. Sikukipenda kicheko chake. Wewe uko mjini, hebu niulizie.

Dada yako

30 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zimenibana. Mimi ni mzima wa afya.

Hao watu wa kisima wasikukoseshe raha, wataalamu wana mambo yao. Mimi namfikiria Mama. Kile kilima kinammaliza magoti, na shamba lenyewe ni mawe matupu. Wakitoa bei ya maana, auze tu, aje mjini akae karibu na hospitali. Nitampangia chumba kizuri. Afanye kabla ya mwisho wa Juni, wasije wakabadili nia. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo msomee wewe. Unajua neno langu halipingi.

Ndugu yako

12 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kigoda nikaisoma tena.

Sikukuandikia kwamba kuna mtu anataka kununua shamba. Nisingeweza, kwa sababu nilipokuandikia hakuna aliyekuwa amelitaja. Wamekuja juma lililopita, na mwisho wa Juni wameutaja kwa vinywa vyao, mimi na Mama tukiwasikiliza. Wewe umeujulia wapi?

Mama bado sijamsomea. Nijibu kwanza, na usinizungushe.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Naomba usinifikirie vibaya.

Nilijua mwezi wa tatu. Bosi alibandika ramani ukutani, nikaiona njia yetu ya shule, nikaliona na zizi. Niliingia chooni nikajifungia. Nilitaka kukuandikia, nikashindwa. Mama akijua kilichomo chini atadai bei yake, kampuni itakwenda kwingine, hisa zangu zife na mkopo unibaki shingoni. Pale yadi nitafukuzwa siku hiyo hiyo. Akiuza sasa, nitafaidi mimi, na nikifaidi mimi amefaidi yeye. Sioni wizi hapo. Tafadhali msomee ile barua ya Aprili kama ilivyo, usiongeze neno.

Ndugu yako

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, na leo ana raha kuliko sisi sote.

Nimemsomea. Wale watu walikuwa wamekaa sebuleni, karatasi ziko mezani, kidau cha wino kimefunguliwa kwa ajili ya dole gumba lake. Mama akasema haweki dole mpaka asikie mwanawe anasemaje. Nikaishika barua yako karibu na uso ili wasiuone, nikasoma: "Mama, usiuze. Chini ya shamba letu kuna jiwe la thamani na hawa watu wanakuficha. Nilinunua hisa zao bila kujua. Hizo acha zife, shamba libaki."

Sikuongeza neno kwenye maneno yako, nimeyaruka yote.

Mama alilia. Alininyang'anya karatasi akaikumbatia kifuani, akawaambia, "Mmesikia? Huyo ndiye mwanangu." Wakafunga mkoba wao wakaondoka bila kuaga.

Nina hasira na wewe, na nakuonea huruma, vyote kwa pamoja. Najua wanakuja kukubana huko. Lakini Mama anamsimulia kila anayepita njiani jinsi mwanawe alivyokubali hasara kwa ajili yake. Karatasi ile analala nayo chini ya mto. Ameniambia nikuite uje nyumbani.

Kama una barua nyingine ya kumwandikia, ije na wewe, umsomee mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake. Mimi siisomi.

Dada yako