Mawimbi Kumi na Moja

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwako na wa nyumbani. Tangu ulipoondoka maabarani, meza yako imejazwa makatoni na fundi mwingine hajaletwa. Mimi bado nauhesabu mwanga utakaopita kwenye vibao vya kioo. Nachukua mstari mmoja wa kibao chako, maana yote, maelfu kwa maelfu, inafanana, halafu naiambia kompyuta ijumlishe mawimbi, moja baada ya jingine, mpaka jibu litulie. Mwezi wa tano wataamua kama nitaajiriwa moja kwa moja. Niombee.

Vipi mikono?

Mpwa wako

12 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, ila mimi na mikono yangu hatusemezani. Miaka ishirini na sita nimechora mistari ya dhahabu juu ya kioo, myembamba kuliko unywele, na hakuna aliyelalamika. Hesabu yako ikasema kibao kitapitisha mwanga mwingi, kikapitisha kidogo, bosi akaniambia, "Mzee, mistari imepinda." Nikakubali, nikaacha kazi. Kompyuta haizeeki. Siku hizi hata ndevu namwachia mke wangu, naye ananinyoa kama anamenya kiazi.

Ila nakuuliza wewe, kwa kuwa ni mimi niliyekushika mkono nikakuingiza pale: hesabu ile una hakika nayo?

Mjomba wako

21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimekaa miezi mitatu bila kukujibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu.

Mistari yako haikupinda. Nilijumlisha mawimbi kumi na moja, jibu likaonekana limetulia, nikafunga daftari. Kumbe penye dhahabu jibu halitulii upesi. Linatambaa polepole mno, ukilitazama kwa haraka utadhani limesimama. Nilipobadilisha kanuni ambayo kompyuta huyazidishia mawimbi na kufika mawimbi mia mbili, likaangukia kwenye kiasi kilekile cha mwanga kilichopimwa kwenye kibao chako.

Barua yako ilinikuta nimeshajua siku mbili kabla. Mara nne nilifika mlangoni kwa bosi nikageuka, nikijiambia acha waniajiri kwanza. Jumatatu wameniajiri. Nafsi inanisuta. Niambie nifanye nini, mjomba. Ukisema nikamwambie, nitamwambia leo hii.

Mpwa wako

2 Juni

Barua yako nimeipata. Huku wazima.

Nimeisoma mara mbili, kisha nikatoa sindano zangu nikachora mistari kumi kwenye kipande cha kioo cha dirisha. Imenyooka yote. Mke wangu alidhani nacheka.

Mwezi wa tatu bosi alinipigia simu. "Mzee, njoo ujaribu kibao kingine, labda siku ile ulichoka tu." Nikamjibu asante, mikono imekwisha. Mke wangu akanisihi niende, nikamfokea. Wiki iliyofuata wakaagiza mashine ya kuchora, na fundi hatakiwi tena. Siku zote hizo wewe ulikuwa unajua.

Sasa unaniuliza ukamwambie au usimwambie. Mzigo huo ni wako, usinitwishe. Mimi nilikuuliza neno moja tu, na ungenijibu kwa wakati ningekusamehe kabla hujamaliza kuomba.

Msalimie mama yako. Yeye bado ni dada yangu.

Fundi