Gobori la Papa Alimasi Lina Ufa

Mama Marthe mpendwa, naomba msaada wa ukurasa wako gazetini, maana mikono yangu inajua cha kufanya lakini mdomo unakataa.

Mimi ni mjane, nakaa hapa Kamina karibu na reli, tuseme jina langu ni Mbombo. Marehemu bwana yangu Monga alikuwa fundi wa vyuma kwenye depo ya treni, na jioni nilimsaidia nyumbani kutengeneza makufuli, baiskeli na vyerehani vya watu, mpaka nami nikazoea chuma. Basi msimu wa mvua uliopita jirani yetu Papa Alimasi, mwenye duka la vitambaa, ambaye naye amefiwa na mke, alikuja na kitu kirefu kimefungwa ndani ya kitambaa cha kikwembe. Lilikuwa gobori, ile bunduki ya zamani ya kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu, iliyotoka Maniema begani mwa babu wa babu yake, nyekundu kwa kutu, mbao zimeliwa na mchwa. Akaniambia: "Mama Mbombo, Monga njo aliniahidiaka kuitengeneza. Weye utaweza?"

Nikasema nitaweza, na tangu hapo mchana wangu si mchana wa kawaida tena, maana mimi nasugua kwa mafuta na msasa laini, yeye ameketi na chai yake akinisimulia njia ndefu ya nyasi, na vumbi la kutu likielea kwenye jua la dirishani naliona kama moshi, naona watu wanatembea ndani yake polepole, treni ikipita nyumba inatetemeka na misumari midogo ya shaba kwenye kitako inametameta, nami nasahau hata maji ya bukari, ugali wetu, motoni. Siku moja nilimwambia kwamba bibi yangu wa Kinkondja alisimulia namna watu walivyojificha ndani ya matete ya ziwa Kisale wakisikia bunduki kama hizi za wasaka watumwa. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema: "Ile nayo ilipitaka, Mama. Tusiifiche." Nadhani ndiyo siku moyo wangu ulipomwendea.

Sasa binti yake Djamila anaolewa, na Papa Alimasi amewaahidi ndugu zake wote kwamba gobori litalia uani kama lilivyolia kwenye harusi ya baba yake, na yeye mwenyewe ndiye atakayelipiga. Mama Marthe, nilipoutoa mtutu kwenye mbao niliuziba chini nikaujaza mafuta ya taa, na mafuta yakatoka kama jasho kwenye mstari mwembamba, wembamba wa unywele, palepale baruti inapolala. Nikipangusa, yanarudi. Ni ufa. Likipigwa litampasukia usoni.

Nami sikusema. Nilificha kile chuma kinachoshika jiwe la cheche, nikamwambia kimepotea, nikafikiri bila hicho halitalia, na kazi isipokwisha ataendelea kuja. Lakini jana ameingia akicheka, mkononi ana kingine kipya alichofuliwa na mhunzi wa Kaniama: "Mama, mateso imekwisha! Bunduki yetu iko tayari." Alisema yetu. Nikimwambia kuhusu ufa nitaivunja furaha yake, atajua nilimdanganya, atachukua kitu chake na kiti kile kitabaki kitupu, tena yeye ni Mwislamu na mimi naimba kwaya kanisani, watoto wangu watasema nini? Nifanye nini, Mama?

Mbombo

Mbombo, dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama. Sikungoja gazeti litoke, nilikupigia simu, na unakumbuka nilivyokukaripia. Nitarudia kidogo ili na wengine wasikie: mtu unayempenda humwachi aegemeze shavu lake kwenye mtutu wenye ufa. Ulijiambia unailinda furaha yake, kumbe ulikuwa unalinda mchana wako. Ukaniomba ungoje Jumapili. Nikakuambia nenda sasa, hata na hilo vazi lako lililochafuka mafuta.

Ukaenda. Ujumbe ulionitumia baadaye nimeusoma mara nyingi. Ulimwita aje uani kwako, kwenye jua, ukaujaza mtutu mafuta ya taa mbele yake, akatazama ule mstari ukitoa jasho. Ukamwekea mkononi kile chuma ulichoficha, ukamwambia ulikificha kwa nini, nusu tu ya sababu, ile ya ufa, ile ya moyo ukaimeza, woga wako naujua. Alipitisha kidole kwenye ule mstari mpaka treni ya mizigo ikaisha kupita. Kisha akasema: "Djamila alitaka kusimama pembeni yangu nikiipiga." Akaondoka bila kuaga. Kesho yake hakuja, ukaniandikia kwamba nyumba imekuwa kubwa. Halafu akaja, mikono mitupu, akaomba chai, akakueleza kwamba amewaambia ndugu zake harusi itakuwa na ngoma tu.

Sasa nisikilize vizuri. Huo mtutu uuzibe kwa chuma, na lile tundu la cheche pia, asije mjukuu yeyote akalijaribu gobori siku ninyi wawili hampo. Kisha Papa Alimasi alitundike ukutani kwake, na wageni wakiuliza awasimulie yote, ya Maniema na ya bibi yako ndani ya matete.

Kuhusu dini, usibadilishe kitu kwa haraka, wala usimwombe yeye abadilishe. Waite watoto wako uwaambie mwenyewe kabla jirani hajawaambia. Wakinuna, waache wanune. Wewe si mali yao ya kufungia kabatini.

Kwenye ujumbe wako umeniuliza pia kama si mwanamume ndiye anayepaswa kuanza kusema ya moyoni. Dada, mtu aliyedanganywa, akakasirika, akaenda kwake akafikiri, kisha akarudi bila bunduki na bila kisingizio chochote, huyo ameshaanza. Zamu ni yako. Kesho akija, mimina chai, keti karibu naye, na umwambie ile nusu iliyobaki.

Mama Marthe