Maleka Hajambo, Alhamdulillahi

Ndia Kuu, Mombasa
3 Februari 1947

Ndugu yangu mpenzi Latif,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisumu, wewe na Noormohamed tajiri wako na kila anayetuulizia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, wasiwasi wetu ni wewe tu na mbu wa ziwani. Maleka hajambo, mzima kabisa.

Latif, kaa kitako kwanza. Umekaa? Binti yako kapata nafasi skuli! Ile skuli ya wasichana niliyokwambia, darasa moja tu, na watu waliokuja kuandikisha watoto walijaa mpaka barabarani. Mimi nilitoka nyumbani mara baada ya sala ya alfajiri, nimemshika Maleka mkono nisimwachie hata kidogo, na jina lake likaandikwa mbele ya macho yangu. Nilirudi Ndia Kuu nikitoa habari bila kuulizwa. Hata muuza kahawa nimemwambia, naye hana mtoto wala mjukuu.

Mwalimu wake ni msichana wa bara, Mkristo, jina lake Jacinta. Sauti yake ndogo lakini watoto wanamsikia. Sare nimeishona mwenyewe, ya buluu, na siku ya kwanza Maleka alirudi nayo safi, ila kiatu kimoja hakuwa nacho. Nilicheka tu. Mtoto wa miaka minane ni mtoto.

Chemni ya taa ya sebuleni imevunjika kwa upepo, kioo vipande vipande. Ukipata nyingine huko, tuletee.

Dadako akupendaye,
Khairunnisa


Kisumu
15 Februari 1947

Dada yangu,

Baada ya kukuamkia na kukuombea afya, nakuarifu kuwa mimi sijambo, na mbu nao hawajambo.

Barua yako niliisoma kwa sauti dukani. Noormohamed akaagizia watu wote chai, yeye ambaye kijiko cha sukari hukitazama mara mbili. Mimi nilimpimia mteja kitambaa mkono ukapitiliza, akaondoka mbio kabla sijazinduka. Laiti marehemu mamake Maleka angekuwapo kusikia habari hii.

Nakukumbusha jambo, si kwa ubaya. Marehemu alipofariki, mamake wa Lamu alimtaka mjukuu wake, nami nikatoa ahadi mbele ya wazee: Maleka atakaa kwako madhali yuko skuli, kwa kuwa mamake alitaka asome. Akitoka skuli, atakwenda Lamu. Bibi hajasahau, kila barua ananiuliza. Kwa hivyo niambie, mtoto anatulia? Nilipokuja likizo nilimtuma kibiriti, akarudi na paka.

Na ni upepo gani huo uliovunja chemni sebuleni, mahali ambapo hata shela haipepei?

Nduguyo mdogo,
Latif


Ndia Kuu, Mombasa
20 Machi 1947

Ndugu yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta katika afya kama ilivyotuacha sisi. Maleka hajambo. Habari za upepo achana nazo, usinichokoze.

Sikiliza mambo! Mwalimu Jacinta kaniita. Kasema Maleka hakai kwenye benchi. Huandika nusu ya neno, kisha yuko dirishani. Akielezwa jambo, macho yake kwa nzi, na akiulizwa mwenzake, yeye ndiye ajibuye. Mwalimu mkuu amekwisha kulalamika kuwa benchi hiyo wanaitaka wengi. Lakini Jacinta kamwomba mtoto aonwe na daktari kwanza, ijulikane shida ni masikio, ni macho, ni usingizi, au ni tabia.

Na daktari mwenyewe ni mwanamke, Latif! Anaitwa Hajrabai, mzaliwa wa papa hapa, kasomea Bombay, chumba chake ghorofani karibu na Ngome. Nilipanda zile ngazi moyo unanidunda kama bibi arusi. Alimpima Maleka masikio kwa saa yake ya mkononi, akampima macho kwa herufi za ukutani. Yote sawasawa. Kisha akashika kalamu akanigeukia mimi.

"Yuwalala vyema?"

"Kama pamba, alhamdulillahi."

"Ukimtuma, yuwakumbuka alotumwa?"

"Yuwakumbuka, mashallah."

"Nyumbani je? Hukimbiakimbia? Huvunja vitu?"

"Aa, wapi! Mtoto mtulivu huyu, hata sauti yake huisikii."

Wakati huo Maleka alikuwa chini ya kiti changu akifungua vishikizo vya viatu vyangu, lakini nilikuwa nimemfunika kwa buibui. Mtoto wetu hasemwi ovyo mbele ya watu, na mimi sikumpa mtu njia. Daktari kaandika yote niliyosema, kayapeleka skuli. Umemwona dadako?

Khairunnisa, dadako


Ndia Kuu, Mombasa
29 Machi 1947

Latif,

Salamu. Sisi wazima. La, si wazima.

Sikungoja jibu lako. Maneno ya daktari yamesomwa skuli, na mwalimu mkuu kaniita mwenyewe. Kaniambia hivi: mtoto masikio yake mazima, macho yake mazima, na nyumbani, kwa kauli ya shangazi yake, hutulia na hukumbuka kila kitu. Basi skuli anafanya makusudi. Huo ni ujeuri, na mjeuri hatamwekea nafasi. Skuli ikifunguliwa tena baada ya likizo, jina la Maleka litakuwa limefutwa. Jacinta alisimama pembeni, kainamisha kichwa.

Nimemponza mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe! Nilipofika nyumbani nilimkuta kapanga vyungu vyangu vyote sakafuni, anaviita kwa majina ya wanafunzi wenziwe, anawasomesha. Nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Sasa nifanyeje? Nikienda kusema kweli, kwamba hata nyumbani hatulii, si ndiyo watasema hafai kabisa? Usimwandikie bibi wa Lamu bado, nakuomba. Nyumba hii bila Maleka sijui nitaishije ndani yake.

Dadako


Kisumu
7 Aprili 1947

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi sijambo.

Lamu sijaandika. Lakini ahadi niliitoa mbele ya watu, na jina likifutwa nitaandika, nawe wajua kuwa sitaweza kufanya vingine.

Dada, sikulaumu. Ndivyo tulivyolelewa. Tukiulizwa hali na huku tuna homa, tunajibu hatujambo. Mimi mteja akiniuliza biashara, namwambia njema, na duka zima nimo mimi na nzi. Lakini yule daktari hakuwa anakuamkia. Alikuwa anakuuliza.

Rudi kwake. Anza na ule upepo wa chemni. Mwambie habari ya paka, na kiatu, na lolote lingine ulilonificha, maana najua liko. Alhamdulillahi uiweke mpaka mwisho, Mungu anajua kuwa tunamshukuru. Na usisahau kumwambia nilivyokuwa mimi. Nani aliyekuwa akifunga ncha ya kanzu yangu kwenye leso yake ili nisitoroke chuoni kwenye Kurani? Mtoto huyu tabia yake hakuiokota njiani.

Nenda, dada. Nenda leo.

Nduguyo,
Latif


Ndia Kuu, Mombasa
4 Mei 1947

Latif wangu,

Salamu nyingi, nyingi! Hali zetu nitakupa humu humu, maana siku hizi nimejifunza kuzisema.

Nilikwenda. Nilifika kwa daktari kabla hajafungua mlango, na kabla hajaketi nilikuwa nimekwisha anza. Nilimwambia chemni. Nilimwambia paka. Nilimwambia chumvi ndani ya chai ya wageni, na siku alipotumwa mkate wa mofa tukamkuta Mwembe Tayari anawaaga wasafiri asiowajua. Nilimwambia anavyoanza kutunga asmini ya kikuba cha kujipambia akaiacha nusu, na kwamba akikosea huumia, hulia, huahidi, na kesho ni vile vile. Na wewe nilikutaja, nisamehe. Kalamu yake ikakauka wino, akachukua nyingine.

Nikangoja anifokee. Alicheka!

"Siku ile nliona mguu ukitokeza chini ya buibui lako," akaniambia. "Nkangoja useme. Sasa ndipo nimemuona mtoto."

Halafu akaniuliza jambo ambalo sijaulizwa na mtu: "Na ni wapi atuliapo?"

Tangu Januari kila mtu ananiambia pale asipotulia. Nikafikiri, nikakumbuka: chuoni kwa Maalim Athmani. Huko hukaa tangu adhuhuri mpaka alasiri, wala sijaletewa lalamiko hata moja. Na jikoni, akiwa anakanda unga wa chapati, hunihadithia neno kwa neno kila alichosikia.

Adhuhuri ilipofika daktari akavaa viatu. Tulikwenda chuoni pamoja, akaketi mkekani karibu na mlango na mkoba wake wa Bombay mapajani. Unajua chuoni kulivyo. Watoto wote wanasoma kwa sauti ya juu, kila mmoja na aya yake, wanayumba mbele na nyuma. Na Maleka katikati yao anayumba, kidole mstarini, hakosei, hatazami mlango hata tulipoingia! Daktari akaniminya mkono.

"Waona? Mwili wake ukipata kazi, akili yake yakaa."

Asubuhi iliyofuata, skuli haijafungwa bado, alikwenda kumwangalia huko, akaketi nyuma kabisa ya darasa. Pale kanuni ni mikono ifungwe, mdomo ufungwe, mtu asitikisike. Alisema Maleka alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Akili yake yote ilikuwa kwenye kujizuia, na somo likampita. Kamwambia mwalimu mkuu wazi: si ujeuri, si pepo, si ulezi mbaya. Wako watoto walioumbwa hivyo, na hakuna dawa ya kumnywesha yakaisha. Aambiwe jambo moja moja, kwa maneno machache. Apewe kazi ya kufuta ubao na kugawa vibao vya kuandikia. Asome kwa kusimama, kwa sauti, na akitaka kuyumba ayumbe.

Jacinta alifurahi mpaka akapiga makofi. Mwalimu mkuu hakupiga. Kasema skuli si chuoni, lakini atamjaribu mpaka mtihani wa Juni, na yeye mwenyewe ndiye atakayemsikiliza. Akishindwa, basi.

Kwa hivyo sasa tunasoma, ndugu yangu. Mimi nakanda, yeye anakanda, nyumba nzima unga. Tuombee!

Dadako,
Khairunnisa


Kisumu
9 Juni 1947

Dada,

Nakuamkia. Mtihani umekwisha pita kwa hesabu yangu, nawe kimya. Noormohamed kaninyang'anya mkasi, anasema leo sifai kukata hata kamba.

Bibi wa Lamu kaniandikia. Amesikia maneno, sijui kwa nani. Kasema chumba cha Maleka kimepakwa chokaa, anangoja niseme siku. Nimeshika kalamu tangu asubuhi. Nimjibu nini?

Nduguyo


Ndia Kuu, Mombasa
13 Juni 1947

LATIF!

Limebaki! Jina limebaki! Salamu utazikuta huko chini, nikianza nazo nitapasuka.

Barua yako ilifika matokeo yametoka jana yake. Sikukuandikia kabla kwa kuwa sikuwa na la kukuandikia, na uwongo nimeuacha.

Jacinta ndiye aliyenihadithia. Mwalimu mkuu aliingia darasani na kitabu, akamfungulia Maleka ukurasa ambao hawajausoma. Maleka akasimama. Akaanza kusoma, kwanza kwa sauti ndogo, kisha mwili ukaanza kuyumba na sauti ikapanda. Watoto wote nyuma yake wakaanza kuyumba bila kujijua, darasa zima, mpaka Jacinta mwenyewe akajikuta anayumba! Akasoma mpaka nukta ya mwisho.

Kwenye hesabu kunguru alitua dirishani, na Maleka akaenda naye. Jacinta hakumgombeza, alimwambia maneno mawili tu: "Maleka, inayofuata." Akarudi akaendelea. Hakuwa wa kwanza, Latif, wala hakuwa wa mwisho. Siku ya matokeo mwalimu mkuu alimtazama, akatutazama sisi tuliokuwa tumejibanza mlangoni, mimi na daktari, akasema, "Asimame akitaka. Lakini abaki."

Nilimkumbatia daktari. Nilimkumbatia Jacinta. Nusura nimkumbatie na mwalimu mkuu, akawahi kushika kitabu mbele yake.

Bibi wa Lamu mwandikie hivi: chokaa isipotee bure. Likizo tutakuja kulala chumba hicho, mimi na Maleka, na avifiche vyombo vyake vya udongo. Kisha skuli ikifunguliwa tutarudi sote wawili.

Sasa salamu. Uliuliza hali zetu. Mimi magoti yananiuma kwa zile ngazi za daktari, na usiku wa kuamkia mtihani nililia, sikukwambia. Maleka hatulii. Juzi nilimtuma nazi, akarudi na habari yote ya arusi ya mtaa wa pili, nazi hana. Ile chemni uliyotuletea imevunjika, na si kwa upepo. Alikuwa akiizunguka meza mbio, anakariri jedwali la mara saba, na alilimaliza.

Maleka hajambo, alhamdulillahi.

Dadako,
Khairunnisa