Pini ya Mama Imerudi Salama

Montrose,
Jumatano

Kwa dada yangu mpendwa Ishbel,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza makelele. Sisi huku hatujambo, ila baridi tu, na hiyo umezaliwa nayo, sina haja ya kukusimulia.

Dada, harusi ya Lachlan imefana. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu, Montrose nzima inasema. Alipotokea na sketi ya wanaume wa ukoo wetu, na miguu ile, mke wa mchungaji aliniuliza nilimlisha nini. Nikamwambia uji wa chumvi, siyo huo wenu wa sukari. Na mkewe Mairead ni mtoto mzuri, ingawa kwao ni Glasgow.

Sasa ile pini ya mama ya kubania shali. Najua ulinipa kwa shingo upande, ukasema ikirudi kama ilivyokwenda itakuwa ya Mairead, ikirudi na kasoro ataichukua binti wa kaka yetu Hamish. Basi nilitaka ing'ae. Ijumaa nikaichemsha kwa magadi. Fedha iling'aa, dada, ungejitazama uso. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kuwa wazee waliyabandika yale mawe ya akiki kwa ulimbo. Nilipoinyanyua, mawe yote yalibaki chini ya sufuria kama maharage.

Mume wangu Struan akasema ameona watu wakichemsha kuku, hata soksi, lakini urithi ndiyo mara ya kwanza. Hata hivyo ndiye aliyekaa kuyabandika. Lile kubwa la katikati, lenye mistari myekundu na myeupe, likamponyoka likaanguka sakafuni. Mbwa wetu Tosh unamjua kwa peremende. Alilimeza kabla hatujainama.

Nikalia. Kesho yake mimi mama wa bwana harusi ndiye wa kumbania bibi harusi shali ya ukoo mbele ya kanisa zima, na pini ina pengo kama mdomo wa babu. Halafu nikawaza: ikiwa mbwa ameona jiwe ni peremende, watu nao wataona peremende ni jiwe. Nikachagua moja yenye mistari kwenye kopo la Struan, nikaibandika. Ilisifiwa, dada. Mjomba wa Mairead, anayejifanya mjuzi, aliiinamia akasema akiki za namna ile haziokotwi tena ufukweni. Nikamjibu ni kweli, ni adimu. Mvua ilipoanza nilimsukumia bibi harusi ndani, maana shali ilishaanza kunata.

Jumatatu Tosh alilirudisha jiwe, kwa njia aijuayo mwenyewe. Halina hata mkwaruzo. Nimelichemsha peke yake mpaka Struan akauliza linaiva lini, kisha akalibandika. Kwa hiyo pini iliyomo humu ni ile ile, jiwe lile lile, nami nadai ahadi yako kwa Mairead.

Lakini nakujua, dada. Tangu mama afariki, kila ukiishika pini hiyo unalibusu kwanza jiwe la katikati. Ndiyo maana barua nimeiweka juu, na pini nimeizungushia vitambaa na kamba, usome kabla hujaifikia. Kama umeanza na pini, basi ujue nakupenda sana.

Lachlan, Mairead na Struan wanakusalimu. Tosh naye hajambo, tumbo limetulia.

Ni mimi mdogo wako,
Elspeth