Marehemu Nihal Juu ya Mtini

Shukri, wallahi safari hii sijatia chumvi hata punje.

Leo chuo kimezindua ufadhili wa masomo wa kumkumbuka marehemu Nihal, mke wa mkuu wa chuo. Nami bawabu wao mstaafu nikaitwa niseme neno.

Nikasema alikuwa akiupanda mtini wa langoni kama paka, ananirushia tini.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Shukri, wote!

Mkuu akasema taratibu, "Ami Wagih, Nihal alipooza miguu tangu utotoni."

Miaka ishirini nampigia saluti, kumbe nilimwona garini tu. Garini tu!



Baadaye mkuu akanishika bega. "Mwongo mkubwa wee, utalipa. Binti aliyepata ufadhili yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kila asubuhi utamsukuma hadi darasani. Na umsimulie Nihal alivyoupanda ule mtini."

Kesho saa mbili naanza.