Kasuku Alipokaukiwa na Sauti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaanza na ya kwangu, nipe kwanza habari za goti. Mara ya mwisho ulisema linakuamsha kabla ya jogoo, nikacheka, kisha nikajuta kucheka. Kama bado linakusumbua, tafadhali usipande juu ya kiti kutafuta kitu kabatini. Chochote kilichoko huko juu kisubiri mtu mwenye magoti mapya. Sisi huku tu wazima. Mkweo anakusalimu sana, na anasema friji lako likianza tena kunguruma usilipige kofi, umsubiri yeye. Wajukuu wako wanakuamkia wote wawili.

Masweta uliyowafumia yamefika. Mdogo amelivaa lake siku nne mfululizo katika joto hili, na nikimwambia alivue ananijibu kwamba Bibi hakusema livuliwe. Ahsante, Mama. Hukulazimika kunifumia na mimi, tena rangi ile ile ya watoto. Nimelikunja nikaliweka chini ya mto, nami nitakuambia kwa nini sijathubutu kulivaa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ndiyo niliyoitumia kukudanganya. Jumanne ile ulikuwa umeshamtandikia mjukuu wako kitanda, na badala ya kumpata yeye ukapata maneno yangu mafupi kwamba ana homa. Hakuwa na homa. Nitakueleza yote, ila niruhusu nianzie mbali kidogo, maana nikianza na lile baya sitafika kwenye lile jema.

Unaujua mwezi huu ulivyo kwa watu wa kazi zetu. Shule zikifungwa, kila mtu anakumbuka kwamba hana nguo ya sikukuu, na mafriji ya mji mzima yanaharibika kwa pamoja kana kwamba yamefanya kikao. Baba yao alikuwa akitoka asubuhi na mkoba wa vifaa, anarudi jioni ananuka gesi. Mimi nilikuwa kwenye cherehani pale sebuleni, vitambaa vya watu mpaka juu ya televisheni, na watoto wawili miguuni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa nao likizo nzima tangu niolewe na baba yao. Mwaka jana uliwachukua wewe, na mwaka huu nilikuomba uniachie. Nilitaka tuzoeane. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kuwa Mama Mdogo wa jina tu, kama sahani ya kabatini.

Siku ya kufunga shule mkubwa alirudi na ripoti. Mwalimu wake alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: Hasikilizi. Baba yake alimkalisha chini akamweleza kwa upole kwamba mtu wa miaka saba si mtoto tena. Yeye akamtazama mdomoni mpaka mwisho, akaitikia ndiyo, kisha akaenda kufanya kile kile alichokatazwa. Nami nikachomekea kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilisema hivyo, Mama, mbele yake.

Unakumbuka majirani walivyowapa majina ya utani. Mkubwa ni Mheshimiwa, kwa sababu haitiki mpaka aitwe mara tatu, na akiongea anaongea kama yuko jukwaani. Mdogo ni Kasuku, kwa kuwa kila linalosemwa lazima alirudie. Ukisema chakula tayari, naye anasema chakula tayari. Ukisema vaeni viatu, naye vaeni viatu. Wewe mwenyewe ulicheka siku ile aliporudia sala yako yote, na kikohozi chako pia. Mimi pia nilicheka mwanzoni. Baadaye, kichwa kikijaa kelele za cherehani, nilikuwa namwambia, "Mwanangu, mdomo nao uende likizo."

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Walijenga nyumba kwa makopo ya nyuzi. Waliosha vyombo wakalowesha sakafu, meza na paka wa jirani. Jioni baba yao aliwafundisha kufungua feni mbovu, wakaifungua yote, na mpaka leo imebaki skrubu moja ambayo hakuna anayejua ilikuwa wapi. Nilikuwa napiga pedali huku nikijiona tajiri.

Kisha ikaja siku ya kitambaa. Kilikuwa cha mkunga wa hospitali, buluu, kizuri, alichokitunza tangu mwanawe alipomletea zawadi. Nilikuwa nimekipa mgongo kwenye cherehani nikasema kwa sauti, "Hicho cha buluu kisiguswe." Kasuku alikuwa chooni. Nilipogeuka, Mheshimiwa alikuwa amekaa katikati ya sakafu na mkasi wangu mkubwa, mkono mzima wa gauni umekuwa bendera sita. Akanionyesha moja, anatabasamu. Nilimpokonya mkasi kwa hasira ambayo nilikuwa siijui kwamba ninayo. Nikamwambia amefanya makusudi. Aliponiona uso ndipo tabasamu likamtoka.

Kuanzia hapo nilianza kuhesabu, na mtu akianza kuhesabu makosa ya mtoto hakosi la kuhesabu. Nikamwita aje kula, haji. Nikamwambia afunge bomba, maji yanatiririka na yeye amesimama pale pale. Halafu Kasuku akashikwa na mafua, koo likamvimba, sauti ikamkauka kabisa. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya upande wake, na siku hizo tatu kaka yake akawa jiwe. Hata mara ya tatu haitiki. Nikawa nasema peke yangu kwamba sasa amevua ushungi. Dada yake amenyamaza na yeye ameamua kunionyesha waziwazi kwamba mimi si mama yake. Siku moja nilimshika bega nikamgeuza kwa nguvu. Alilia bila kutoa sauti, akinitazama mdomo wangu tu. Nikadhani ni dharau.

Jumatatu ndipo nilipokupigia. Nilisema amekukumbuka, analia kila siku anamtaka Bibi. Ulifurahi mpaka ukasahau goti, ukaniambia unakwenda kulitoa godoro juani.

Jumanne mchana nilikuwa nampangia nguo zake. Yeye alikuwa mezani jikoni anachora, mgongo wake kwa rafu ya sufuria. Nilipovuta begi lililojaa, mkanda wake ulinasa kwenye rafu, sufuria zote zikaja nalo. Mama, unazijua sufuria zangu, ile kubwa peke yake ni kengele. Zilianguka kwenye saruji kwa kishindo, hata mama wa nyumba ya pili akapiga kelele kuuliza kama tu hai. Paka akapita dirishani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika kifua.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa anapaka rangi paa la nyumba, ulimi nje, polepole, asitoke nje ya mstari.

Nililiacha begi. Kisha nikamwita kwa jina lake, taratibu. Hakuna. Nikamwita kwa nguvu. Hakuna. Hapo Kasuku akatoka chumbani na sweta lako na pua inayotiririka, akazunguka meza mpaka mbele ya kaka yake, akamgusa goti, akanyoosha kidole kuniashiria. Ndipo akageuka.

Nilipiga magoti nikamuuliza mdogo kwa nini amefanya vile. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Yeye huko nyuma hasikii. Mpaka nimwambie mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na kwa nini hukutuambia, mwanangu?"

Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutangaza kwamba jua ni kali. "Nilidhani mnajua."

Nilikaa kwenye sakafu ile ile kati ya sufuria nikalia. Wakaja wote wawili wakanitazama. Mkubwa alidhani nalia kwa sababu ya vyombo, akaanza kuviokota kimoja kimoja na kuvifuta kwa shati lake.

Ndipo nikakupigia tena nikasema ana homa, kwa kuwa nilikuwa sina maneno mengine. Mchana ule ule mkunga alikuja kuangalia gauni lake. Nilimweleza habari ya mkono uliogeuka bendera, na kwa kuwa machozi yalikuwa bado karibu, nikamweleza na mengine. Hakuuliza habari ya kitambaa tena. Alimkalisha mtoto mapajani, akasema jambo nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha akaniambia nisizunguke huku na huku, Alhamisi daktari wa masikio huwa pale hospitalini kwao, nifike asubuhi nimtaje yeye.

Tulikwenda familia nzima. Baba yao aliacha mafriji ya watu yayeyuke. Daktari alimulika kila sikio kwa taa yake ndogo, akaguna, akatueleza kwamba masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta iliyoganda kama mshumaa, na nyuma ya ngoma ya sikio la kulia kuna maji yaliyobaki baada ya mafua ya mara kwa mara. Alisema huenda ni zaidi ya mwaka sasa. Alisema pia kwamba watoto wa namna hii hujifunza kusoma midomo bila kufundishwa, na watu wazima huwaita wakaidi. Hakutuangalia aliposema hivyo, nami nilimshukuru.

Nta aliilainisha akaitoa siku hiyo hiyo. Maji ya sikio la kulia ametupa dawa, na tutarudi baada ya wiki sita. Yakikataa kukauka atayatoa kwa upasuaji mdogo, na ametuambia tusiogope. Kwa hiyo sikio halikuwa la kufa. Lilikuwa la kusafishwa tu.

Ilipotoka ya sikio la pili, mtoto alikunja uso, akaanza kutazama huku na huku. Akauliza ni nani anayegongagonga. Ilikuwa saa ya ukutani. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiziba masikio na kuyazibua, akicheka, akituuliza kama viatu vyetu vilikuwa vinalia hivyo siku zote. Na sauti yake, Mama, imeshuka. Anaongea kama watu. Majirani wanasema Mheshimiwa amemaliza kampeni.

Lakini aliyenivunja moyo na kuniunga tena ni Kasuku. Sauti ilipomrudia, siku ya kwanza alijaribu kama kawaida. Nikasema njooni mle, naye akageuka kumwambia kaka yake, akakuta kaka yake ameshafika mezani. Alisimama mdomo wazi. Akamtazama, akanitazama, kisha akaketi akala chakula chake chote bila kusema neno, na alipomaliza akalala pale pale mchana kweupe, saa tatu nzima, yeye ambaye hajawahi kulala mchana. Kumbe mtoto wa miaka mitano alikuwa kazini, Mama. Baba yake alimfunika akasema, "Huyu amestaafu. Apewe heshima zake."

Juzi nilikuwa namalizia gauni la mkunga, mikono mifupi sasa, na limempendeza kuliko lilivyokusudiwa. Mkubwa akaja akasimama kando ya cherehani, akasikiliza kwa makini, akauliza, "Mama Mdogo, ni wewe unayeimba?"

Nilikuwa hata sijui kwamba naimba. Nikamwambia ni mimi.

"Huwa unaimba kila siku?"

"Nadhani kila siku nikishona."

"Hata mwaka jana?"

"Hata mwaka jana."

Akafikiri kidogo, akavuta kigoda akakaa. "Basi rudia za mwaka jana," akasema.

Sasa nimefika nilipokuwa napaogopa. Unadhani uongo wangu ulikuwa homa, na kwamba amekukumbuka. Huo ni mdogo. Mama, lile begi nililokuwa nalijaza Jumanne halikuwa la wiki moja. Nilitia nguo zake zote. Nilitia vitabu vyake. Chini kabisa, ambapo usingeona mpaka mimi niwe mbali, nilitia sare zake za shule. Nilikusudia nikupigie baadaye nikuambie kwamba huko ndiko anakofaa, kwamba anakutii wewe tu. Baba yake nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa namtoa mtoto wa marehemu binti yako katika nyumba ya baba yake kwa sababu haitiki nikimwita.

Na nisikufiche kilichonizuia mkono, maana si sufuria peke yake. Nilikuwa nazikunja zile sare huku nasikia maneno yako ya Jumatatu. Ulisema, "Mlete, ila nitamrudisha kabla shule hazijafunguliwa, kwao ni kwako." Sijui kama uliyapima. Mimi ni mgeni katika msiba wako, nimekaa kwenye kiti cha mwanao, na wewe ukakiita kiti hicho changu. Nilipovuta lile begi kwa mara ya mwisho sikuwa natazama mkanda umenasa wapi, ndiyo maana sufuria zilikuja nalo.

Jana nimemwambia mkweo yote. Aliendelea kufunga nati moja kwa muda mrefu kuliko nati inavyohitaji. Kisha akasema nisimwombe yeye msamaha peke yake, nimwandikie Mama. Basi nimeandika. Nisamehe. Ukinikasirikia utakuwa na haki, nami nitasubiri hasira yako iishe hata ikichukua mwaka.

Ila usipokasirika sana, njoo. Zimebaki siku kumi shule zifunguliwe. Baba yao atakufuata kwa gari la kazini, goti lako litakaa kiti cha mbele. Njoo uongee nyuma ya mjukuu wako, neno lolote, hata la kunong'ona, uone anavyogeuka.

Wasalimie jirani zako wote, na huyo shoga yako wa mlango wa pili. Watoto wamebusu karatasi hii hapa chini, doa la jamu ni la mdogo. Nakushukuru kwa kunitunzia mume, kwa watoto hawa, na kwa sweta. Leo nimelivaa.

Ni mimi mwanao,
Mama Mdogo wa wajukuu wako