Mrija Mmoja, Wanywaji Wanane

Muleba, 3 Juni 2024

Mjukuu wangu Joanitha,
Habari za Bukoba? Huku wazima, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Umeandika kwamba programu yako inachambua picha za kahawa, itenge punje mbovu, lakini inakwenda kama konokono. Na isipoongeza mwendo kufikia Ijumaa tarehe 21, meneja hatakuajiri. Unahangaika nini? Shamba la migomba likizidiwa na magugu, si unaita watu? Ongeza vibarua! Niliishia darasa la nne, na hilo nalijua.
Babu yako

Bukoba, 9 Juni

Babu, shikamoo.
Goti linasemaje? Bibi Verdiana mpe pole kwa kuishi nawe. Nimekutii: nimeweka vibarua wanane. Sisi tunawaita nyuzi, tena nyuzi halisi, zinazoendeshwa na mashine yenyewe. Kazi imekuwa polepole kuliko mwanzo! Lugha ya kompyuta ninayoandikia programu husomwa na mkalimani, naye ana ufunguo mmoja tu. Uzi ulioushika unafanya kazi, saba zinangoja, na kuugombania kunakula muda. Zimebaki siku kumi na mbili. Una ushauri mwingine wa kuniangamiza?
Mjukuu wako

Muleba, 13 Juni

Mjukuu mwenye hasira,
Mimi mzima, goti limeninunia. Jana kwa jirani yangu Karugendo tulikuwa wazee wanane, kibuyu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mrija mmoja. Aliyeushika ananyonya, saba tunameza mate. Na Karugendo akishika mrija husahau kwamba Mungu aliumba watu wengine. Nikasema, "Lete huo!" Akajibu, "Rwegasira, kwani umekuja na kibuyu chako?"
Waitu, nikaruka na goti langu hilohilo! Wanywaji wako wanatosha. Ongeza vibuyu, kila kimoja na mrija wake.
Babu yako

Bukoba, 22 Juni

Babu, shikamoo sana.
Nimeachana na nyuzi. Nimegawa kazi mafungu manne, kila fungu na mkalimani wake na ufunguo wake. Picha za saa nzima sasa zinaisha kwa robo saa na ushee. Meneja akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema, "Kwa Karugendo, Muleba." Akaandika kwenye fomu. Babu, nimeajiriwa!
Mjukuu wako

Muleba, 30 Juni

Mjukuu wangu mwajiriwa,
Hongera! Bibi yako kalia. Machozi yangu mimi yalikuwa ya moshi wa jikoni. Nami nilifuata sayansi: nikaenda kwa Karugendo na kibuyu changu. Sikungoja zamu ya mtu. Kurudi, nilisalimiana na kila mgomba njiani.
Sasa Verdiana amefungia vibuyu vyote stoo. Ufunguo ni mmoja, anao yeye, na hana dalili ya kuuachia. Mwandikie. Wewe ndiye fundi wa mambo haya.
Babu yako, uzi wa nane